Maneno ya Soko: Gunia ni Kilo Ngapi, na Rahisi ni Nini?

WAFANYABIASHARA wengi huusoma ukurasa wa bei kwa kuanzia kwenye tarakimu. Macho hukimbilia safu ya mwisho, mkono unachukua kalamu, na hesabu inaanza. Neno lililoandikwa kushoto mwa tarakimu hurukwa, kwa kuwa ni neno ambalo kila mtu analijua tangu utoto: gunia, pipa, wakia, kununua, kuuza, asilimia. Tarakimu zenyewe kwa kawaida huwa sahihi. Ni yale maneno ndiyo yaliyowatia wengi hasarani, kwa sababu maana yake sokoni si lazima iwe ile ya nyumbani.

Somo la wiki hii linayapitia baadhi ya maneno hayo, pamoja na maswali ya kawaida ambayo wachuuzi, wakulima na wawekezaji wadogo huulizana kila siku, na mara nyingi hujibiana vibaya.

GUNIA NA NDUGU ZAKE

Swali la kwanza: gunia la mahindi lina kilo ngapi? Mtu wa Iringa au Songea atajibu bila kufikiri kwamba ni kilo 100. Mtu wa Eldoret naye atajibu bila kufikiri kwamba ni kilo 90. Wote wawili wanasema kweli. Tanzania bei za jumla za nafaka hutolewa kwa gunia la kilo 100, na Kenya kwa gunia la kilo 90, na tofauti hiyo ni ya siku nyingi.

Sasa achukuliwe mfanyabiashara wa Kibaigwa mwenye magunia 300 anayetaka kuyavusha Namanga. Anasikia kwamba Nairobi gunia limefika shilingi 3,600 za Kenya. Anazidisha mara 300, anaridhika, anakubali. Lakini 3,600 ni bei ya kilo 90, yaani shilingi 40 kwa kilo. Gunia lake la kilo 100 linastahili shilingi 4,000. Kwa kukubali bei ya gunia bila kuuliza kilo, amempa mnunuzi tani 3 za mahindi bure, zenye thamani ya shilingi 120,000 za Kenya. Hakuna aliyemwibia. Neno lilikuwa moja, mizani zilikuwa mbili.

Hapo bado halijazungumzwa gunia la lumbesa. Hilo ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu ili libebe zaidi, na uzito wake unaweza kufika kilo 120 au kupita. Mkulima wa viazi au vitunguu hulipwa kwa hesabu ya gunia moja. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na Kenya mwaka 2019 ilitoa kanuni za kutaka viazi vifungashwe katika mifuko isiyozidi kilo 50. Hata hivyo lumbesa haijafa, na sababu yake inaeleweka: ushuru na ubebaji mara nyingi hutozwa kwa gunia, si kwa kilo, hivyo kila anayenunua shambani anayo faida ya kulinenepesha. Bei ya viazi shambani ikionekana kuwa nzuri kuliko kawaida, swali la kuuliza ni hilo la kilemba.

Debe nalo lina hadithi yake. Asili yake ni bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Kwa mazoea madebe 6 ya mahindi makavu huhesabiwa kuwa gunia la kilo 100. Siku hizi madebe ya bati ni machache na nafasi yake imechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, lakini jina la debe limebaki midomoni, na mara nyingi bei ya debe imebaki nalo. Anayepima kwa ndoo na kulipa kwa jina la debe hupata lita 2 za ziada kila mara. Ndoo 9 ni sawa na madebe 10, kwa hiyo katika kila madebe 10 mkulima anapoteza moja. Kisado cha Dar es Salaam na gorogoro la Kenya ni vipimo vya namna hiyo hiyo: ni makopo yaliyogeuka mizani. Vinapima ujazo, wala si uzito, na maharage, unga na mpunga havilingani uzito hata vikijaza kopo lilelile.

Kwenye kahawa mambo huzidi kuchanganya. Bei ya arabika ya New York hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili moja, ambayo ni gramu 453 na ushei. Bei ya robusta ya London hutajwa kwa dola kwa tani. Mnada wa Moshi hutaja dola kwa kilo 50. Takwimu za kimataifa za uzalishaji zinahesabu magunia ya kilo 60. Mtu wa Kilimanjaro anayesikia kwamba New York imefika senti 200 asiilinganishe namba hiyo moja kwa moja na ya mnada. Njia ya mkato ni kuzidisha zile senti kwa 1.1: senti 200 kwa ratili ni karibu dola 220 kwa kilo 50. Lakini hiyo ni bei ya kahawa safi. Mkulima anapeleka kahawa ya maganda, na ikikobolewa karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito inaondoka. Ugomvi mwingi kati ya wakulima na vyama vyao kuhusu bei ya dunia ungepungua kama mkutano ungeanza kwa kukubaliana juu ya mambo haya mawili.

Pipa je? Gereji ya mtaani pipa ni lile la chuma la lita 200. Katika taarifa za mafuta ghafi, pipa ni galoni 42 za Marekani, karibu lita 159, na halina chombo chochote mtaani. Ni kipimo cha hesabu tu. Bei ikiwa dola 80 kwa pipa, lita moja ya mafuta ghafi ni karibu senti 50 za dola. Anayegawa kwa 200 atapata senti 40, kisha atashangaa kwa nini vituo vya mafuta vinauza ghali, ilhali hajafikia hata usafishaji, meli, kodi na faida ya muuzaji.

Wakia ndiyo hatari kuliko zote, maana inapima dhahabu. Wakia ya dukani ni gramu 28.35. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuseme bei ya dunia ni dola 2,000 kwa wakia. Gramu moja safi ni dola 64 na senti 30. Mnunuzi mdogo anayegawa kwa 28.35 atapata dola 70 na nusu, na kwa kila gramu anayoinunua kwa bei hiyo anatupa zaidi ya dola 6. Tena hiyo ni dhahabu safi ya karati 24, na dhahabu ya mchimbaji mdogo haitoki shimoni ikiwa hivyo. Karati 18 ni robo tatu tu ya usafi. Tangu masoko ya madini yafunguliwe Tanzania mwaka 2019, likiwemo la Geita, upimaji wa usafi umekuwa karibu na mchimbaji, na anayekwepa kupima ili kuokoa muda huwa anaokoa kidogo sana.

KUNUNUA NA KUUZA NI KWA NANI?

Maduka ya fedha za kigeni yaliruhusiwa Tanzania mwaka 1992, lakini hadi leo wapo wanaosimama mbele ya ubao wakisoma safu isiyo yao. Ubao una safu mbili, kununua na kuuza. Mteja anayetaka kununua dola huangalia safu ya kununua. Hapo ndipo anapokosea. Ubao ni wa duka, na maneno ni ya duka: duka linanunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Anayekwenda kununua dola analipa ile ya kuuza.

Mchuuzi wa Kariakoo anayejiandaa kwenda Dubai kuchukua vitambaa anahitaji dola 10,000. Ubao unasema kununua 2,480 na kuuza 2,540. Akipanga safari kwa safu ya kwanza, atakapofika dirishani atapungukiwa na sh. 600,000. Kwa mtaji mdogo hiyo ndiyo nauli au ndiyo faida ya robota zima.

Swali jingine la hapohapo: shilingi imepanda au imeshuka? Tarakimu ikitoka 2,480 kwenda 2,540, mtaani husemwa kwamba dola imepanda. Ni sahihi. Lakini ukurasa wa bei ukisema shilingi imeshuka, unasema jambo lilelile. Mchoro unaoelekea juu unaonyesha shilingi ikienda chini. Anayeagiza bidhaa nje anaumia. Anayeuza korosho, kahawa au samaki nje anapata shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile, mpaka bei ya mbolea na dizeli imfikie.

ASILIMIA YA NINI?

Asilimia ni sehemu katika mia. Kila mtu analijua hilo. Kinachosahaulika ni kuuliza mia ya kitu gani.

Mwenye duka ananunua kitenge kwa sh. 10,000 na kukiuza sh. 12,500. Anasema faida yake ni asilimia 25, na ni kweli, ukihesabu kutoka bei ya kununulia. Sikukuu inakaribia, anatundika tangazo la punguzo la asilimia 25, akidhani kwamba atarudi palepale alipoanzia na angalau kurudisha mtaji. Asilimia 25 ya 12,500 ni 3,125. Kitenge kinatoka kwa sh. 9,375. Kila kimoja kinamla sh. 625, na kadiri wateja wanavyofurahi na kujazana ndivyo mtaji unavyoyeyuka. Kupanda kwa asilimia 25 hufutwa na kushuka kwa asilimia 20.

Mkopo ndio mahali ambapo swali hili lina thamani kubwa. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 2. Kwa mwezi au kwa mwaka? Kwa mwezi. Na juu ya mkopo wote, au juu ya salio linalobaki? Hapo wengi hawaulizi. Mkopo wa sh. 1,200,000 wa miezi 12, unaorejeshwa sh. 100,000 za mtaji kila mwezi, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote ni sh. 24,000 kila mwezi bila kupungua, jumla sh. 288,000. Ikihesabiwa juu ya salio, inaanza sh. 24,000 na kupungua hadi sh. 2,000 mwezi wa mwisho, jumla sh. 156,000. Asilimia ni ileile 2, na tofauti ni sh. 132,000. Mikopo ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu huwa na maelezo mafupi sana juu ya jambo hili, na wakati mwingine asilimia inayotajwa ni ya wiki.

Mfumuko wa bei nao unawachanganya hata watu wa ofisini. Taarifa ikisema mfumuko umeshuka, akina mama sokoni hucheka, kwa kuwa hawajaona kitu kilichoshuka. Wana haki ya kucheka, na taarifa nayo ina haki yake. Mfumuko ni mwendo wa kupanda kwa bei. Sukari iliyokuwa sh. 2,000 ikipanda asilimia 10 inakuwa 2,200. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 5, sukari inakuwa 2,310. Bei imepanda tena, ila imepanda polepole. Tanzania mwaka 1995 mfumuko ulikuwa zaidi ya asilimia 25, na kufikia 1999 ulikuwa chini ya 10. Hakuna mwaka hata mmoja katika hiyo ambao kapu la soko lilirudi bei ya zamani. Kwa mwekezaji mdogo maana yake ni hii: akiba inayopata riba ya asilimia 4 wakati mfumuko ni 5 inapungua uwezo wa kununua, hata kama daftari la benki linaonyesha nyongeza.

Dhamana za serikali za muda mfupi huuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake. Karatasi ya sh. 1,000,000 ya siku 364 inaweza kununuliwa kwa sh. 920,000, na mwisho wa muda mnunuzi analipwa milioni kamili. Faida yake si asilimia 8, kama wengi wanavyosema. Alichotoa ni 920,000, hivyo sh. 80,000 ni karibu asilimia 8.7 ya fedha zake. Safari hii kosa ni la upande mzuri.

DALALI, HISA NA NENO RAHISI

Dalali wa mtaani anafahamika. Anamwonyesha mpangaji nyumba na kuchukua kodi ya mwezi mmoja, au anasimama katikati ya mwenye mzigo na mnunuzi pale Tandale. Hana cheti, ana maneno. Dalali wa soko la hisa ana jina hilohilo, lakini anafanya kazi kwa leseni, ambayo Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ada yake inajulikana kabla ya biashara. Anayepigiwa simu na dalali wa hisa asiye na leseni anapigiwa na dalali wa aina ile ya kwanza.

Hisa ni fungu la umiliki. Mwenye hisa si mkopeshaji wa kampuni, bali ni mmoja wa wenyewe, na kwa hiyo akifilisika mdaiwa huyo, yeye hulipwa wa mwisho kama kuna kitu kilichobaki. Mwenye hatifungani ndiye mkopeshaji: ana tarehe ya kulipwa na riba iliyoandikwa. Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni imeamua kugawa. Inaweza kupata faida na isigawe. Swali la mara kwa mara ni kwa nini bei ya hisa hushuka siku chache baada ya gawio kutangazwa. Kampuni hutaja tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Anayenunua akiwa amechelewa kuingia katika daftari hilo hapati gawio la safari hiyo, basi halipi bei ileile aliyolipa mwenzake wa juzi. Hakuna siri wala njama.

Linabaki neno rahisi, ambalo huenda ndilo lililowagharimu wawekezaji wadogo kuliko maneno mengine yote. Kwa Kiswahili rahisi ni kisicho kigumu na pia ni kisicho na bei kubwa. Sokoni kitenge cha sh. 8,000 ni rahisi kuliko cha sh. 15,000. Lakini hisa ya sh. 150 si lazima iwe rahisi kuliko ya sh. 600, kwani hisa ni kipande, na kabla ya kusema kipande ni rahisi sharti ijulikane keki imekatwa mara ngapi.

Mfano uko Dar es Salaam, ambako soko la hisa lilianza biashara Aprili 1998. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma kwa sh. 600 kila moja. Mwaka uliofuata za CRDB ziliuzwa kwa sh. 150. Aliyelinganisha namba hizo mbili tu angesema CRDB ni rahisi mara nne. Lakini NMB ilikuwa na hisa milioni 500, hivyo kwa bei hiyo benki nzima ilithaminiwa sh. bilioni 300. CRDB ilikuwa na hisa zaidi ya bilioni 2.1, na benki nzima ikathaminiwa zaidi ya sh. bilioni 315. Kipande kilikuwa kidogo, keki haikuwa ndogo. Hesabu hiyo, bei ya hisa mara idadi ya hisa zote, ndiyo inayoitwa mtaji wa soko, na si fedha zilizo katika kasha la kampuni kama wengine wanavyodhani.

Kenya nayo ina funzo lake. Hisa za Safaricom ziliuzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na watu wakapanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo. Kampuni ilikuwa na hisa karibu bilioni 40, kwa hiyo shilingi 5 zilimaanisha bilioni 200. Waombaji walikuwa wengi kupita hisa zilizokuwapo, wakapewa sehemu tu ya walichoomba, na kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja, na mwaka 2021 aliiona hisa hiyo ikipita shilingi 40. Aliyenunua kwa mkopo wa mwaka mmoja aliuza kwa hasara ili alipe riba.

ELFU MIA MOJA NA TANO

La mwisho ni la tarakimu zenyewe zinapotamkwa kwa simu. Muuzaji akisema bei ni "elfu mia moja na tano", amesema 100,005 au 105,000? Lugha inaruhusu yote mawili. Wazee wa biashara wa pwani walilitatua jambo hili zamani kwa neno laki, lililotoka India, lenye maana ya elfu mia moja. Anayesema laki moja na elfu tano haachi nafasi ya ubishi. Vivyo hivyo anayesema laki na shilingi tano. Hali kadhalika bilioni ni milioni elfu moja, ingawa katika vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa Uingereza kabla ya 1974 inaweza kuwa milioni milioni. Kwenye hundi, hati ya mauzo na ujumbe wa simu, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na penye laki litumike neno laki.